Ulemavu Utokanao na Ukoma: Maana na Chanzo Chake

Ulemavu utokanao na ukoma ni madhara yanayobaki katika mikono, miguu au macho, hasa baada ya mishipa ya fahamu kuharibiwa na ugonjwa huo. Wengi bado wanaamini kwamba ukoma hula vidole mpaka vikadondoka, na imani hiyo imewatesa wagonjwa kwa karne nyingi pasipo sababu. Bakteria wa ukoma, aliyetambuliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hustawi katika sehemu za mwili zenye ubaridi, na ndiyo maana hushambulia ngozi pamoja na mishipa ya fahamu iliyo karibu nayo, kama ile ya kwenye kiwiko, kando ya goti na kwenye kifundo cha mguu.

Mshipa ukiharibika, misuli inayoutegemea hupooza: vidole hujikunja, mguu huburuta mtu anapotembea, au kope hushindwa kufumba. Lililo baya zaidi, kwa maoni yangu, ni ganzi, kwa kuwa haionekani. Mpishi aliyeshika sufuria ya moto, au mkulima aliyeshinda shambani na mwiba unyayoni, hapati maumivu ya kumwonya; jeraha dogo huwa kidonda, kidonda huingia usaha, usaha hufika kwenye mfupa, na kwa miaka mfupa hupungua hadi kidole kikawa kifupi. Jicho lisilofumba nalo hukauka, hupata makovu na linaweza kupofuka.

Shirika la Afya Duniani hupanga ulemavu huu katika madaraja matatu. Daraja 0 ni mtu asiye na ganzi wala kasoro. Daraja 1 ni mwenye ganzi kiganjani au unyayoni, ambaye kwa macho anaonekana mzima. Daraja 2 ni mwenye kasoro inayoonekana au aliyepungukiwa sana na uwezo wa kuona. Mgonjwa anayegunduliwa akiwa tayari katika daraja 2 kwa kawaida amechelewa kutambuliwa, ingawa baka la ngozi lisilo na hisia, ambalo ni dalili ya ukoma, lilikuwepo muda mrefu.

Dawa mseto, zinazotolewa bure duniani tangu mwaka 1995, huponya ukoma kwa miezi 6 au 12 kutegemea aina yake, lakini hazinyooshi kidole kilichokwisha kujikunja. Kwa hiyo mtu mwenye vidole vifupi anaweza kuwa amepona kabisa na hamwambukizi yeyote. Mshipa ulioanza kuuma au kudhoofika karibuni unaweza kuokolewa kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na hali hiyo huweza kujitokeza hata baada ya kumaliza dozi, hivyo aliyepona anapaswa kurudi kituoni mapema anapohisi udhaifu mpya. Mwenye ganzi ya kudumu hukagua nyayo zake kila siku, huziloweka majini, huzipaka mafuta na huvaa viatu vyenye soli laini ndani na ngumu chini.