Alijua Wakati Ule, au Amejua Baadaye? Kuhusu Tathmini ya Mtoto Aliyekinzana na Sheria

Afisa ustawi wa jamii anaponipigia simu ili nimtathmini kisaikolojia mtoto aliyefikishwa mahakamani, mara nyingi huanza kwa kuuliza kama mtoto ana akili timamu. Swali hilo lina mahali pake, lakini kwa mtoto wa miaka 10 au 11 sheria ya Tanzania inatanguliza jingine. Kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu kinamwondolea kabisa dhima ya jinai aliye chini ya miaka 10, na aliye chini ya miaka 12 hana dhima isipokuwa ithibitishwe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda. Ugumu wote wa kazi yangu umo katika maneno hayo mawili: "wakati anatenda".

Tuchukue mvulana wa miaka 11 aliyekamatwa akiuza nyaya za shaba alizotumwa na kijana mkubwa wa mtaani (kisa nimekitunga, nisije nikamwanika mtoto yeyote). Ninapokutana naye ameshalala kituoni, ameshagombezwa na askari, na mama yake, na balozi wa nyumba kumi. Nikimwuliza kama kuiba ni kosa, ataitikia kabla sijamaliza swali, na jibu hilo litakuwa somo la juzi tu. Kwa hiyo namwomba anisimulie siku nzima tangu alipoamka, nami nasikilizia mambo madogo: alidhani nyaya ni za nani, alipita njia ipi, alimficha nani, alitarajia nini mama akijua. Aliyepita uchochoroni ili jirani asimwone amenipa fununu, ingawa hata hapo najizuia, kwa kuwa huenda alikuwa akimkwepa yuleyule aliyemtuma.

Linaloniudhi zaidi ni ripoti zinazosema mtoto "hakuonyesha majuto, alitazama chini na kujibu kwa mkato". Sisi tuliolelewa huku tunajua kwamba mtoto anayemkodolea macho mtu mzima ndiye huitwa mkosa adabu. Majibu ya mkato nayo yanaweza kutokana na hofu, na masikio yasiyosikia vizuri, na lugha ya nyumbani isiyokuwa Kiswahili, au na jeraha la kichwa la zamani ambalo mama hakuulizwa na yeyote.

Vipimo vilivyochapishwa ninavyo, lakini natembea navyo polepole. Kipimo cha SAVRY, cha kukadiria hatari ya kijana kufanya ukatili, kilichotungwa kwa wenye miaka 12 hadi 18, kinapitia vihatarishi 24 na mambo 6 ya kumkinga kijana. Hakina alama ya kufaulu wala kufeli, na uamuzi wa mwisho unabaki kwa mtathmini, ndiyo maana nakipenda. Vipimo vya akili vina taabu zaidi, kwani mtoto aliyeacha shule darasa la tatu atapata alama za chini kwa kukosa shule, na alama hiyo ikisomwa mahakamani kwa haraka itaitwa ulemavu. Huwa nauliza pia kama anarudisha chenji sawasawa na kama hupanda daladala peke yake.

Kabla ya yote namweleza mtoto kwamba nitakayoandika hakimu atayasoma, kwa hiyo mazungumzo yetu si siri kama yale ya kliniki. Sitamki kama alitenda au hakutenda, maana hiyo ni kazi ya mahakama. Na pale nisipoweza kusema kama alijua wakati ule, naandika hivyohivyo bila kupamba, kwa sababu wa kuthibitisha uwezo huo ni upande wa mashtaka, wala mtoto hadaiwi kuthibitisha kwamba hakuwa nao.