Umebadili jina la ukoo: muhuri wako wa uthibitishaji usomeje?

Wathibitishaji wengi wa hati (notary public, wanaoshuhudia saini kwa mamlaka ya jimbo) hapa Marekani huniuliza swali hili baada ya kufunga ndoa au kupeana talaka: leseni ya udereva ina jina jipya, benki nako nimeshabadilisha, je, nianze kutia saini kwa jina hilo? Jibu langu ni bado. Kinachokupa mamlaka ni hati ya uteuzi, si kitambulisho. Mpaka jimbo likupe hati yenye jina jipya, kazini wewe ni yule yule uliyeapishwa.

Chukua cheti chochote cha uthibitisho ukitazame. Jina lako limo kwenye maneno "mbele yangu", limo kwenye saini, limo kwenye muhuri. Ukiandika la ndoa juu, ukasaini la zamani chini, msajili wa hati za nyumba anaweza kukataa kuipokea, na atakayeumia ni mteja ambaye mauzo yake yamekwama. Ndiyo maana nalisisitiza jambo hili kila ninapofundisha.

Taratibu zenyewe hutegemea jimbo. California wana mlolongo mkali: unapeleka ombi kwa Katibu wa Jimbo, unapewa hati mpya yenye namba ile ile na ukomo ule ule, kisha una siku 30 za kuwasilisha kiapo kipya na marekebisho ya dhamana (ahadi ya kampuni ya kumlipa atakayeumia kwa kosa lako la kazi) kwa karani wa kaunti. Ukizipitisha, mabadiliko yanabatilika na unarudi kwenye jina la zamani. Itabidi uombe upya. Baada ya kuwasilisha, una siku 30 nyingine za kupata muhuri mpya.

Florida sheria inakudai uombe hati mpya ndani ya siku 60 tangu jina libadilike, na ada ni dola 25. Ukishawasilisha fomu, unaruhusiwa kuendelea na jina la zamani kwa siku 60 au mpaka hati ifike, lolote litakalotangulia. Texas ni wapole zaidi: ukitaka kubadili, unalipa dola 20, usipotaka, unaendelea na jina lililo kwenye hati hadi muda wako uishe. New York nako, aliyefunga ndoa akiwa kazini husaini kwa jina la uteuzi, na akipenda huongeza la ndoa kwenye mabano.

Kinachosahaulika mara nyingi ni dhamana. Texas na Florida wanataka nyongeza ya dhamana yenye jina jipya iambatane na ombi, kwa hiyo ipigie simu kampuni iliyokudhamini kabla hujajaza fomu. Muhuri usiuagize mapema. Subiri hati iwe mkononi. Ukishaanza kutumia mpya, uharibu ule wa zamani usije ukaangukia mikono ya mtu mwingine.

Na hati ulizothibitisha kihalali kabla ya hapo? Ziache. Zinabaki halali kwa jina lile lile, hakuna haja ya kumwita mteja asaini upya.