Bega Lililoumia Baada ya Chanjo: Dhana Potofu Kuhusu Fidia Nchini Marekani

Mkono kuuma siku mbili tatu baada ya chanjo ni jambo la kawaida. Hali iitwayo SIRVA ni tofauti: sindano iliyochomwa juu mno, karibu na ncha ya bega, inaweza kuingiza dawa kwenye kifuko cha ute kinachokinga kiungo badala ya kwenye msuli, kifuko kikavimba, na mtu akashindwa kuinua mkono hata kuchana nywele. Hutokea kwa urahisi pale kola ya shati inapovutwa chini badala ya bega kufunuliwa lote.

Wengi huacha kudai fidia kwa kuamini kwamba kudai ni kumshtaki muuguzi. Sivyo. Chini ya mpango wa fidia ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1986 kuhusu madhara ya chanjo za watoto, ombi hupelekwa katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, anayejibu ni Waziri wa Afya, na fedha hutoka katika mfuko unaotokana na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa ambao dozi inaukinga. Mwombaji halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote.

Wapo pia wanaodhani kwamba mpango huu ni wa watoto tu, kwa sababu jina la sheria linawataja. Watu wazima nao wamo, mradi chanjo yenyewe iwe katika orodha ya mpango. Chanjo za mafua ya msimu na pepopunda zimo. Ya mkanda wa jeshi haimo. Za UVIKO-19 zina mpango wake, ambao humpa mtu mwaka mmoja tu tangu siku aliyochanjwa.

Dhana inayowaumiza watu zaidi ni kwamba yatosha kusema, “Lilianza kuuma baada ya chanjo.” Tangu mwaka 2017 SIRVA imo katika Jedwali la Madhara ya Chanjo, yaani orodha rasmi ya madhara ambayo mpango huyachukulia kuwa yametokana na chanjo, lakini kwa masharti: maumivu yaanze ndani ya saa 48, yabaki katika bega lililochomwa, bega hilo lisiwe na historia ya maumivu, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoyaeleza. Athari nazo ziwe zimedumu zaidi ya miezi sita, au zimemfanya mtu alazwe na kupasuliwa. Sasa mfikirie mgonjwa aliyevumilia miezi minne akitumaini yataisha, kisha daktari akaandika tu “bega linauma”, bila tarehe wala kutaja chanjo. Hizo saa 48 atazithibitishaje? Ndiyo maana nasisitiza: mwambie daktari siku maumivu yalipoanza, hakikisha ameandika, na ukague kama kumbukumbu ya chanjo inataja mkono uliochomwa kweli, kulia au kushoto.

Muda wa kuwasilisha ombi ni miaka mitatu, nao huhesabiwa tangu dalili ya kwanza. Hauanzi siku ya kipimo, wala hausubiri mazoezi ya tiba yakamilike.

Kuhusu gharama, hofu nyingi hazina msingi. Fidia ya maumivu na mateso ina kikomo cha dola 250,000, na gharama za matibabu na mishahara iliyopotea hukadiriwa kando. Ada ya wakili nayo hulipwa na mpango, pengine hata ombi likikataliwa, ikiwa lililetwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi. Wakili anayetaka asilimia ya fidia yako anataka kile ambacho sheria imemkataza.