Je, wajua? Zulia la mistari ya pundamilia halihitaji pundamilia

Ngozi ya mnyama iliyotandikwa sebuleni hupendwa kwa mambo matatu: michoro isiyojirudia, ulaini chini ya nyayo, na umbo lisilo la mraba wala mstatili. Je, mambo hayo yanaweza kupatikana bila mnyama kuuawa? Yanaweza yote, na kila moja lina mafundi wake. Lakini kwanza ni vizuri kujua ngozi hizo zimegharimu nini.

Kaskazini mwa Kenya, kuanzia Laikipia na Samburu hadi Marsabit, anaishi pundamilia wa Grevy. Ni mkubwa kuliko yule wa Serengeti na Maasai Mara, mistari yake ni myembamba na imesongamana, na tumbo lake ni jeupe. Uzuri huo ndio uliomponza. Ngozi yake ilitafutwa sana na wauzaji wa mapambo na mitindo wa ng'ambo, hasa miaka ya 1960 na 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa wapatao 15,000. Leo ni takriban 3,000, karibu wote wakiwa Kenya na wachache Ethiopia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyamapori, lakini kupona kwao kumekuwa kwa shida. Jike hubeba mimba kwa miezi 13 hivi na kuzaa mtoto mmoja tu, na siku hizi malisho na maji ni ya kugombaniwa.

Mistari ya kila pundamilia ni yake peke yake, hailingani na ya mwingine. Ndiyo maana mwaka 2016 wananchi wa kawaida waliombwa wazunguke na kamera kaskazini mwa Kenya wakimpiga picha kila pundamilia wa Grevy ubavu wa kulia. Kompyuta ikatambua mistari, na hesabu ikapatikana: 2,350 kwa Kenya nzima. Zoezi lilirudiwa mwaka 2018, wakakadiriwa 2,812. Michoro ile ile iliyowauza sokoni sasa inawasaidia wanaowalinda.

Na ng'ombe je? Wapo wasemao kwamba ng'ombe amekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama, basi ngozi isitupwe. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mfugaji ambaye hapotezi chochote cha mnyama wake. Lakini ngozi ya dukani ina bei, na bei hiyo ni sehemu ya faida inayotokana na kuchinja. Tena ngozi nyingi husindikwa kwa chumvi za kromiamu, na maji yake machafu yasiposafishwa huishia mtoni. Mimi naona sakafu yangu haina haja ya hayo yote.

Mbadala wa kwanza ni ngozi bandia yenye manyoya, inayotengenezwa kwa nyuzi za akriliki au poliesta, ambazo asili yake ni mafuta ya petroli. Mashine hunasa nyuzi hizo kwenye kitambaa cha chini huku ncha zikiachwa zisimame. Kisha hukatwa zilingane, hupitishwa kwenye roli zenye joto ili zinyooke na kung'aa, na michoro huchapwa juu au hufumwa kwa nyuzi za rangi mbalimbali. Ubora wake umefika mbali. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, waumini wa kanisa la Shembe huvaa ngozi ya chui mabegani katika ngoma za ibada. Tangu mwaka 2013 Panthera, shirika linalolinda wanyama wa jamii ya paka, likishirikiana na viongozi wa kanisa hilo, limegawa ngozi bandia za chui zaidi ya 18,000. Ikiwa bandia imekubalika pale ambapo ngozi ni heshima na ibada, sebuleni itashindwaje?

Ina kasoro zake, nazo hazifai kufichwa: humwaga vijinyuzi vya plastiki kila ifuliwapo, na akriliki hushika moto upesi. Pia chunguza unachouziwa, kwa kuwa imewahi kutokea Ulaya na Marekani manyoya halisi yakauzwa kwa jina la bandia. Tenganisha manyoya utazame shina lake: ukiona kitambaa kilichofumwa, hiyo ni bandia, ukiona ngozi, ni mnyama. Unyoya mmoja uliochomwa kwa kiberiti nao husema ukweli. Wa mnyama hunuka nywele zilizoungua na kusagika kuwa majivu, wa plastiki huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu.

Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, hata hivyo, mimi ningechagua mmea. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani. Katika miche aliyoagiza kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu, na humo ndimo kilimo cha mkonge kilimoanzia. Majani hukatwa na kupelekwa korona, mashine inayoyaponda na kukwangua nyama yake, zikabaki singa, yaani nyuzi ndefu, zisizozidi asilimia 4 hivi ya uzito wa jani. Singa huanikwa juani, hupigwa brashi, ndipo husokotwa na kufumwa. Zulia la mkonge ni gumu kuchakaa, vumbi haling'ang'anii, na hupokea rangi vizuri, hata mistari ya pundamilia huchapwa juu yake. Si laini, hilo likubalike. Anayetaka ulaini atandike zulia nene la pamba pale miguu inapopumzika.

Kuhusu umbo, watu wa pwani walishalitatua zamani kwa msala, yaani mkeka wa ukindu wenye umbo la mviringo mrefu. Makuti machanga ya mkindu huanikwa, huchanwa vipande vyembamba, huchemshwa katika rangi, kisha husukwa ukili, yaani utepe mrefu, ambao hushonwa ukingo kwa ukingo hadi upana unaotakiwa. Kwa hiyo mpe msukaji vipimo vya chumba na rangi uzitakazo kabla hajaanza kuchemsha. Mkeka ukishashonwa, kuubadili ni kazi mpya.

Mkonge na ukindu vyote viwili havipendi maji. Usivitandike bafuni wala mlangoni mvua inapoingia. Kilichomwagika kikaushwe papo hapo kwa kitambaa kikavu, bila kusugua, na mkeka uanikwe mara kwa mara ili usiingie ukungu.