Eti mwenye nyumba hupangisha amtakaye?

Kuna madalali Kampala wanaouliza kabila kabla hata ya kutaja kodi. Ukilalamika, jibu ni lile lile: nyumba ni mali ya mtu, Katiba inaibana serikali tu.

Sivyo. Ibara ya 21 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza ubaguzi wa jinsia, kabila, dini, maoni ya kisiasa, ulemavu na mengineyo, tena inataja wazi maisha ya kiuchumi na kijamii. Ibara ya 20 inadai haki hizo ziheshimiwe na watu wote, si vyombo vya serikali peke yake. Mwenye nyumba yumo.

Kukataa watu wanane wabanane chumba kimoja ni jambo jingine, hapo simlaumu. Ugumu uko kwenye ushahidi, maana ni nadra mtu kutamka kwamba hataki kabila lako. Atasema nyumba imeshachukuliwa, na wiki ijayo kibao cha "inapangishwa" bado kinaning'inia getini. Kwa hiyo kipige picha, na ujumbe wa dalali usiufute. Ibara ya 50 inakuruhusu kwenda navyo mahakamani.