Mpira wa magongo kwa watu wazima wanaoanza: maneno kwa makocha wa Malindi

Mtu mzima anayeshika gongo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na tano, au hamsini, hatafuti ubingwa. Anataka kutoka jasho, kucheka na wenzake, na kurudi nyumbani meno yake yakiwa kamili. Kocha anayelielewa hilo atakuwa bado na kikundi mwezi wa tatu. Asiyelielewa ataanza na mbio za kuzunguka uwanja, afuatishe foleni ya watu kumi wanaongojea kupiga mpira mmoja, na wiki ya pili atabaki yeye na koni zake.

Makala haya tumewaandikia walimu, vijana wa klabu, na yeyote aliyeombwa na majirani zake awafundishe kwa sababu eti aliwahi kucheza shuleni. Sisi wa idara ya michezo huulizwa zaidi kuhusu vifaa na uwanja. Hayo tutayagusa, lakini vikundi vingi havifi kwa kukosa vifaa. Vinakufa kwa aibu. Mtu mzima akikosa mpira mara tano mfululizo mbele ya watu waliosimama kumtazama, harudi, na wala hatakwambia kwa nini. Atasema tu kazi zimembana.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya saa moja kwisha, watu wawe wamecheza mechi, tena mechi yenye mabao na kelele hata kama hakuna anayejua kushika gongo vizuri.

Mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Timu ya wanaume ya Kenya ilimaliza ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1971 ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, lililochezwa Barcelona. Beki wake Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Siku hizo watu walicheza kwenye nyasi za kawaida. Nyasi bandia ziliingia Olimpiki mwaka 1976, Montreal. Tunayataja haya kwa sababu kuna anayeamini kwamba bila zulia la kijani hakuna mchezo.

Uwanja kamili una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55, na kila upande una wachezaji 11. Usahau kwa sasa. Chukua hatua thelathini kwa ishirini, weka koni mbili kila mwisho kuwa goli, na uwapange watu wanne kwa wanne. Usiweke kipa. Kipa anahitaji kofia ngumu, kinga ya kifua na pedi za miguu, na kumsimamisha mtu golini bila hivyo ni kumtafutia hospitali. Michezo ya watu wachache kwenye kiwanja kidogo si ya watoto, kwani hata Shirikisho la Kimataifa la mpira wa magongo lina mchezo rasmi wa watu watano kwa watano, na Kenya ilipeleka timu ya wanaume kwenye Kombe la Dunia la mchezo huo huko Oman mwaka 2024.

Mahali pa kucheza Malindi pana hesabu yake. Uwanja wa shule wenye kokoto unafaa, ila kikundi kizima kitembee kwanza kutoka mwisho hadi mwisho kuokota mawe na vipande vya chupa, maana mpira ukigonga jiwe hurukia ugoko au uso. Nyasi ndefu hazifai, mpira unazama. Kiwanja cha saruji cha voliboli au basketboli ni kizuri sana kwa wanaoanza kwa sababu mpira unakwenda pale ulipotumwa, hata kama magongo yatachakaa upesi kidogo. Wenzetu wa kisiwani Lamu, ambako eneo la wazi ni haba na punda naye ana haki yake, saruji ya shule mara nyingi ndiyo tegemeo.

Halafu kuna pwani. Mchanga mkavu hauchezeki, lakini mchanga uliotoka kufunikwa na maji huwa mgumu na sawa, na Mto Sabaki umetuletea udongo mwingi kiasi kwamba ufuo wetu ni mpana. Kocha wa pwani sharti ajue maji. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji hupwa mbali mnamo saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na jioni yanakuwa yamejaa hadi juu. Wakati wa maji mafu, maji hupwa jioni, saa kumi hivi, lakini hayaendi mbali, kwa hiyo kiwanja ni chembamba. Maana yake huwezi kuwaambia watu "kila Jumamosi jioni ufuoni" ukaacha hapo. Waulize wavuvi, au tazama jedwali la maji, upange wiki mbili mbele.

Sasa gongo. Liwe na urefu unaofika karibu na mfupa wa nyonga wa mchezaji akisimama wima. Sheria inasema lisizidi gramu 737 na urefu wa sentimita 105, na pia liweze kupita ndani ya pete yenye upana wa milimita 51. Lina upande bapa na upande wa mviringo. Mpira unaguswa kwa upande bapa tu. Gongo la mkono wa kushoto halipo kisheria. Anayetumia kushoto asihuzunike, kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaokaa juu na kuligeuza gongo, na mara nyingi watu hao hushika kazi haraka kuliko wengine. Mpira rasmi una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu hasa. Usiutoe mwezi wa kwanza. Mpira wa tenisi unatosha, na atakayegongwa nao atacheka.

Mkono wa kushoto uwe juu kabisa, wa kulia shibiri moja hivi chini yake. Kosa la kwanza utakaloliona ni mikono yote miwili kubanana juu kama mtu anayeinua jembe. Kosa la pili ni mgongo, na hilo ndilo la kulikalia macho. Wengi wetu tumekua tukiinamia ufagio wa chelewa, miguu imenyooka na kiuno kimekunjika, na mwili unarudia ulichozoea. Dakika arobaini za kuinama hivyo, na kesho yake mtu hainuki kitandani. Dawa ni magoti. Miguu iachane kidogo kupita upana wa mabega, magoti yakunjwe, kifua kibaki wazi, mpira ukae mbele, kulia kidogo, mahali ambapo mchezaji anaweza kuuona na bado akaona wenzake. Mtu wa miaka hamsini hawezi kukaa chini namna hiyo kwa muda mrefu, na halazimiki. Mwambie ashuke mpira unapokaribia, ainuke ukiondoka. Vipindi viwe vya dakika tano tano, katikati watu wanywe maji.

Usimkemee mtu mbele ya wenzake. "Magoti, mama, magoti," ukisema huku ukipita karibu naye, anaelewa. Ukisimamisha mchezo mzima kumwonyesha alivyokosea, umempoteza.

Kwa wiki kadhaa pasi iwe moja tu, ya kusukuma. Gongo liguse mpira kwanza, ndipo lisukume, na uzito wa mwili uhamie mguu wa mbele. Hakuna kurudisha gongo nyuma na kupiga. Sheria hii peke yake inaondoa sehemu kubwa ya hatari, maana mtu anayejifunza kupiga hatazami nani yuko nyuma yake. Kupokea nako kuna siri ndogo: mikono ilegee, na kishikio cha gongo kiinamie mbele kidogo ili mpira usiparamie na kuruka. Anayekaza mikono atauona mpira ukidunda na kumkimbia kila mara, naye atafikiri shida ni macho yake.

Tuje kwa watu wa kandanda, ambao Malindi ni karibu kila mwanamume atakayejitokeza. Wana mbio, wana macho ya pasi, wanajua nafasi. Lakini wana tabia moja ambayo kandanda imewafundisha miaka yote, nayo ni kosa katika magongo: kuukinga mpira kwa mwili. Kijana anapokea, anampa mpinzani mgongo, anatanua viwiko na kungoja. Kwenye kandanda angesifiwa. Hapa refa anapuliza, naye anabaki ameduwaa na kuanza kubishana. Kanuni ni kwamba mpinzani lazima aachiwe njia ya kuufikia mpira kwa gongo lake. Huruhusiwi kuweka mwili au gongo lako katikati ili kumzuia.

Maelezo hayasaidii sana, kwa sababu mwili wake hauulizi sheria. Mpe kazi badala ya hotuba. Panga watatu: mmoja anatoa mpira, mmoja anapokea akiwa amempa mgongo mlinzi, na mlinzi yuko nyuma yake. Mpokeaji ana ruhusa mbili tu, aurudishe ulikotoka kwa mguso mmoja, au autoe pembeni huku miguu yake ikienda nao. Kusimama hakuruhusiwi. Baada ya dakika kumi utaona anaanza kutazama nyuma kabla mpira haujafika, na hapo mmeshavuka. Katika mechi za mwanzo, usipulize filimbi kila anapokinga; puliza anaporudi nyuma kwa matako kumsukuma mwenzake, kwingine mwambie tu kwa mdomo.

Mlinzi naye ana ugonjwa wake: kulikata gongo la mwenzake kutoka juu. Mfundishe alaze gongo chini, akae mbele ya mpira na kusubiri. Subira huleta mpira wenyewe.

Mguu kuguswa na mpira si kosa kila wakati, ni kosa ukimpa mchezaji faida. Kwa wanaoanza tumezoea kulisamehe kabisa wiki za kwanza, la sivyo mchezo unasimama kila mara. Ambalo halisamehewi ni mpira wa juu. Sheria inauona kuwa wa hatari mpira ulioinuliwa kumwelekea mtu aliye ndani ya mita tano. Nyinyi wekeni ukali zaidi, kwamba mpira ukipita goti umekwisha, unakwenda kwa upande wa pili. Kuotea hakupo katika magongo tangu miaka ya tisini, basi hilo usijisumbue kulieleza.

Vikinga ugoko na kinga ya meno vivaliwe kuanzia siku mpira mgumu utakapoingia. Pete zivuliwe. Jino likitoka zima, lishikwe kwa sehemu inayoonekana mdomoni, si kwa mzizi. Likiwa chafu lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe mahali pake au litiwe ndani ya maziwa, na mtu afikishwe kwa daktari wa meno ndani ya saa moja ikiwezekana. Tia pakiti ya maziwa kwenye mkoba wa huduma ya kwanza. Aliyegongwa kichwa akasikia kizunguzungu, kichefuchefu au akachanganyikiwa, harudi uwanjani siku hiyo hata akisisitiza. Joto nalo lisidharauliwe, hasa miezi ya kaskazi: anzeni saa kumi na nusu jioni, na mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe kivulini, amwagiwe maji, na aitwe mhudumu wa afya mara moja.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Vipindi viwili vya saa moja na robo vinafikisha kiwango cha chini, vikiachana kwa siku mbili ili misuli ya paja na kiuno ipoe. Mwenye shinikizo la damu au kisukari azungumze na kituo chake cha afya kabla ya kuanza, na kocha amjue ni nani. Maumivu ya misuli siku ya pili ni kawaida. Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi si ya kungojea. Mwezi wa Ramadhani, wengi hupendelea kucheza baada ya tarawehe penye taa. Kikundi kisicho na taa kipumzike tu.

Kwa akina mama, swali la kwanza huwa si magongo bali ni nani atakuwa akitazama. Kama wanataka saa yao wenyewe, wapewe bila mjadala. Mavazi yana jambo moja la hatari: deera. Gongo linanasa kwenye pindo, mtu anaanguka kifudifudi. Suruali pana na kanzu inayofika magotini hufanya kazi vizuri, na mtandio ufungwe bila pini, ncha zake zichomekwe ndani. Wengi huja na watoto; mmoja wa wachezaji wanaopumzika akae nao upande mmoja, mbali na nyuma ya magoli.

Baada ya miezi miwili hivi, ukiona kila mtu anapokea mpira bila kuutazama miguuni muda wote, ingiza mpira mgumu, kisha kuligeuza gongo kuchukua mpira wa upande wa kushoto. Kupiga kwa kurudisha gongo nyuma kunakuja mwisho, na hakuji kwa kila mtu. Mkipata mwaliko wa mechi kutoka Mombasa, ambako mchezo huu umekaa muda mrefu, kocha azungumze nao mapema: wanne au watano kila upande, hakuna kona za adhabu (zile zinazotolewa kwa kosa la walinzi karibu na goli lao), hakuna kupiga, mpira chini ya goti. Wakikataa masharti hayo, waombe siku ya mazoezi ya pamoja badala ya mechi.