"Gari liko nje, gesi itatudhuruje?"

Kila dhoruba kubwa ya theluji ikiangukia jiji, sisi wa idara ya dharura tunasikia maneno yaleyale: gari lilikuwa nje penye hewa, injini iliwashwa ili watoto wapate joto wakati baba anafukua theluji, na hakuna aliyesikia harufu. Bila shaka hakuna aliyesikia. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, haina harufu wala rangi, na haiwashi macho.

Hewa ya nje haisaidii chochote kama ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi, imeziba. Januari 2016, Central Park mjini New York ilipata sentimita 70 za theluji, kiasi ambacho hakijawahi kupimwa pale tangu vipimo vianze 1869. Ongeza ile inayosukumwa pembeni na mitambo ya kusafisha barabara, na gari lililoegeshwa huzikwa hadi madirishani. Moshi ukikosa pa kutokea hutanda chini ya gari na kupenya ndani. Dakika chache zinatosha kuua. Gesi hii hung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni huweza kusoma kawaida kabisa huku mtu anazimika, kwa sababu hakitofautishi gesi hizo mbili.

Wala usiniambie kwamba ulifungua dirisha kidogo; peke yake haitoshi. Injini ikiwa imezimwa, fukua ekzosi kwanza, mpaka mdomo wa bomba uonekane wote na moshi upate njia ya kutoka. Ndipo uwashe. Watoto wasubiri nyumbani. Ukikwama barabarani, washa dakika 10 tu kila saa, fungua kidogo dirisha la upande usiopigwa na upepo, na kagua ekzosi upya kila mara kabla ya kuwasha, maana theluji bado inaanguka. Kichwa kikianza kuuma, au mtu akipata kichefuchefu au usingizi wa ghafla, zimeni injini, tokeni nje wote na mpige simu ya dharura.

Jenereta nayo ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani, mbali na milango na madirisha. Gereji yenye mlango wazi haihesabiki kuwa nje.

Pombe haipashi mwili joto. Hupanua mishipa ya ngozi, joto likapotea upesi zaidi.

Vidole vilivyoganda havisuguliwi, kwa theluji wala kwa mikono. Nyama yake hujeruhika. Vitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, lakini tu kama una hakika havitaganda tena.

Na kufukua theluji si mazoezi mepesi ya asubuhi. Baridi hubana mishipa na presha hupanda wakati moyo unadai damu zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo amwachie mwingine. Wengine, sukumeni badala ya kuinua, mjaze nusu beleshi, mpumzike mara kwa mara. Kifua kikibana, acha beleshi hapohapo na uite msaada, hata kama imebaki hatua moja kufika barabarani.